Sura ya Saba: Aliyeingia kwa Mlango wa Mbele

Msumari wa kwanza ulipong'olewa, Verdell Simmons alijichoma sindano.

Alikuwa sebuleni anapachika lesi kwenye gauni la harusi, si lake, la binti wa mchungaji, na tangu asubuhi alikuwa ameapa kwamba leo hatoki nje hata nyumba ikiwaka moto. Atoke akamwone nani? Lemuel Gadsden? Mwanamume aliyekuja kwake mwaka mzima, kila Jumapili, viatu vinang'aa na kofia mkononi, halafu leo kaja na mtaimbo kubomoa baraza la mbele, baraza ambalo ndilo tumaini lao pekee? Huyo si wa kutazamwa. Huyo ni wa kuachwa na vumbi lake. Lakini msumari wa pili nao ukalia, wa tatu ukafuata, na Verdell akajikuta amesimama kwenye mlango wa wavu, kidole mdomoni, anamtazama.

Lemuel alikuwa amepiga magoti kwenye mbao, mikono ya shati kaikunja, jasho limemlowesha mgongo. Alipendeza, na hilo lilimuudhi Verdell zaidi.

"Kwa hiyo umekuja kweli," alisema kupitia wavu.

"Nimekuja." Lemuel hakuinua kichwa. "Baba yako alimtaka fundi wangu, mzee Pinckney. Mzee Pinckney mgongo umemshika, hata kuinama kufunga viatu hawezi. Akanituma mimi."

"Ungekataa."

"Nikikataa ataitwa fundi wa mjini. Yule ana mashine, atalimaliza kwa siku moja." Hapo akainua uso, na macho yao yakakutana. "Mimi mbao hizi naziona ngumu sana, Verdell. Sijui kama zitaisha mwezi huu."

Verdell alijitahidi kununa. Midomo ikamsaliti.

"Usinichekeshe. Nimekukasirikia."

"Kasirika, lakini kasirikia hapo hapo nikuone. Mwaka mzima baba yako kanikalisha ngazini. Leo niko juu ya baraza la Shemasi Hosea Simmons mchana kweupe, na hakuna wa kuniteremsha. Acha nifaidi kidogo."

"Unafaidi huku unalibomoa."

"Ndiyo riziki yangu hiyo. Imekuja na vumbi lake."

"Na likiisha?" Verdell aliuliza, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ukija Jumapili utakaa wapi, Lemuel? Uani na kuku?"

Lemuel aliushika ule mtaimbo akaugeuzageuza kana kwamba jibu limeandikwa humo. Utani ulikuwa umemwishia.

"Sijui," alisema. "Nimeliwaza hilo usiku kucha, na sijui."

Lilikuwa swali zito, na kila mtu wa Plum Hill angelielewa. Mabaraza ya barabara ile yalikuwa na sheria zake, na hakuna aliyeziandika kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzisahau. Kijana akimpenda binti wa mtu, kwanza husimama uani, kofia mkononi, anasalimia na kwenda zake. Akivumilika, hupewa ngazi akae. Akipendeza, hupewa kiti barazani. Akipendeza sana huruhusiwa kwenye bembea, yeye upande huu na binti upande ule, na mtu mzima karibu anaambua kunde na kujifanya hasikii. Ndani haingii. Majirani na mafundi hupita mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ni wa mchungaji, wa jeneza, na wa mkwe. Siku baba akiridhika, hujitokeza mwenyewe, akamshika kijana mkono mbele ya barabara nzima, akamvusha kizingiti. Hapo maneno yamekwisha. Pete itakuja, keki itakuja, lakini kwa Plum Hill binti ameshachumbiwa.

Dada zake Verdell walichumbiwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, mama yao akiwa hai bado, anacheka na kulia kwenye bembea. Waume zao wakawapakia kwenye treni kwenda Philadelphia. Tangu hapo huja Krismasi moja, zikapita mbili. Kisha mama akafariki. Akabaki Verdell, na baba, na Shangazi Tamar, dada mkubwa wa baba, ambaye hakuwahi kuolewa na alikuwa na maoni kuhusu kila ndoa. Lemuel alipojitokeza, kaka zake wote wawili walikuwa wameshahamia huko huko kaskazini, na Shemasi Hosea akatoa hukumu yake mezani, mbele ya bamia na wali: ukoo wa Gadsden una magurudumu miguuni. Akampa ngazi, na hapo akamwacha.

Mwezi huu ndipo alipoleta televisheni. Baada ya televisheni, mashine ya kupoza hewa, ikafungwa dirishani ikawa inanguruma mchana kutwa. Baada ya mashine, akatangaza kwamba baraza limezeeka, watu wa mjini wote wameyafunga ya kwao, na yeye atalibomoa hili ajenge chumba cha kutazamia televisheni. Verdell aliposikia, alikwenda kulia nyuma ya banda la kuku. Hakuhitaji kuambiwa. Baba alikuwa anamnyang'anya Lemuel hata ile ngazi.

"Verdell," aliita Shangazi Tamar kutoka sebuleni, "mlango unauzibia mwanga, au kuna kitu kizuri huko unanificha?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Hicho kisicho kitu kina mabega mapana. Nimekiona kikipita." Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kubembea, ambacho kilikuwa kimeingizwa ndani asubuhi ile na kugeuzwa kuelekea televisheni, uso umemkunjamana. "Haya, tazama maisha yangu. Miaka yote nimekaa nje naiona barabara. Leo nimewekwa nitazame ukuta. Ukuta haupiti na kofia mpya, mwanangu. Ukuta haugombani na mumewe. Nitaongea nini mimi?"

"Kuna televisheni, dada," alisema Shemasi Hosea, akitokea chumbani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye joto lile.

"Televisheni haijui jina langu."

Shemasi alikwenda mlangoni, Verdell akampisha, akasimama pale kumkagua fundi wake kupitia wavu. Walikuwa hawajawahi kuzungumza sana, wale wawili. Salamu, hali ya hewa, na neno la Mungu likibidi.

"Gadsden."

"Naam, Shemasi."

"Mtaimbo wako unasali? Nauona unainama, unainuka, ubao hautoki."

"Mbao ngumu, mzee."

"Msonobari uliopigwa jua na mvua tangu kabla hujazaliwa, huo ndio mgumu?"

"Umezoea mahali pake," Lemuel alisema kwa adabu. "Kitu kikizoea mahali, kukiondoa ni kazi."

Baba akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira, na hapo ndipo Verdell alipopaswa kushtuka lakini hakushtuka, "Ng'oa tu. Nataka sakafu yote iwe imetoka leo."

Amri ya mwenye nyumba ni amri. Lemuel akaacha utani akafanya kazi. Kufika alasiri sakafu ilikuwa imetoka yote, mbao zimepangwa uani, na kilichobaki mbele ya mlango ni boriti tupu juu ya shimo la mchanga na gololi ambazo watoto wa Simmons walizipoteza zamani. Hata zile ngazi alikuwa amezivuta pembeni. Kila alipopita karibu na dirisha, Verdell aliinua macho kutoka kwenye lesi, na kila mara naye alikuwa ameinua ya kwake. Lemuel alikuwa anabomoa kiti chake mwenyewe, na alikuwa anakibomoa vizuri, kwa sababu hakujua kufanya kazi vibaya.

Ng'ambo ya barabara, Bi Ola Ravenel alikuwa ameshuhudia yote. Baraza lake lilikuwa limetazamana na la akina Simmons, na yeye hutoka pale kwa mambo mawili tu, kanisa na choo. Alikuwa na bakuli la kunde mapajani na kipepeo cha kujipepea mkononi, na kila ubao ulipotoka alitikisa kichwa kama mtu aliye msibani.

"Hosea," alipaza sauti, "marehemu mkeo angekuwa na la kusema."

"Ndiyo maana ninafanya sasa," Shemasi alijibu kutoka ndani, na akaondoka mlangoni upesi.

Wingu lilitokea upande wa mto, jeusi, bila hodi. Kule majira ya joto ndivyo yalivyo: jua linawaka, unafuta jasho, kabla hujarudisha leso mfukoni mbingu imepasuka. Matone ya kwanza yalianguka mazito mazito. Lemuel alikimbilia kufunika mbao kwa turubai, maana mbao ya mtu ni amana, na alipomaliza mvua ilikuwa imeshuka kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na baraza la kujikinga. Alifanya ambalo mtu yeyote angefanya kwa haraka, akajibanza chini ya mwaloni mkubwa wa uani.

Radi ikalia karibu sana, vyombo vikatetemeka kabatini.

"Baba," Verdell alisema, "yuko chini ya mti."

Shemasi Hosea alikuwa ameshafika mlangoni. Binamu yake mpenzi alikufa hivyo, wangali vijana, chini ya mti kama ule, na tangu siku ile kulikuwa na jambo moja duniani lililoweza kumfanya mzee yule apige kelele.

"Gadsden! Toka kwenye mti huo!"

"Nazunguka mlango wa jikoni, mzee," Lemuel alijibu, na mvua ikammeza nusu ya sauti.

"Jikoni kitu gani, unataka upite uwanja wote huo? Njoo hapa hapa."

"Shemasi, mlango wa mbele..."

Umeme ukamulika uani kukawa kweupe. Shemasi akausukuma mlango wa wavu kwa bega, akatoka nusu mwili, mguu mmoja kizingitini na mwingine juu ya boriti iliyolowa, akaunyoosha mkono wake mrefu.

"Nimesema njoo, kijana. Nipe mkono."

Lemuel alikimbia. Alirukia boriti, akateleza, akayumba juu ya shimo, na Shemasi Hosea Simmons akamdaka mkono wa kuume, akamvuta kwa nguvu, akamvusha kizingiti cha mlango wa mbele mpaka sebuleni.

Wakasimama hapo, wote wawili wanahema, maji yanawatiririka kwenye zulia. Hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake. Verdell alikuwa ameziba mdomo kwa lesi ya mtu. Aliona, akaelewa.

Kutoka ng'ambo, juu ya kelele zote za mvua, ikaja sauti ya Bi Ola.

"Tamar! Umeona nilichokiona?"

"Mimi nimeona kwa karibu zaidi," Shangazi alijibu bila kuinuka kitini. Alikuwa anatabasamu mpaka macho yamepotea.

"Mmeona nini?" Shemasi aliuliza. Akautazama mkono wake, akautazama mlango ulio wazi nyuma yake, akamtazama kijana. Verdell aliona jambo likimwingia baba yake polepole. Akauachia ule mkono kama uliomchoma.

"Ilikuwa radi," alisema.

"Ilikuwa radi, mzee," Lemuel aliafiki haraka. "Mimi sikudhania lolote."

"Kampe nguo kavu," Shangazi alimwambia mdogo wake. "Mkweo analowesha zulia."

Mvua ya namna ile haikai. Ilipokatika, Lemuel alikuwa ametoka chumbani amevaa suruali ya Shemasi, ndefu kupita miguu yake, kaikunja mara kadhaa na bado inafagia chini, na Verdell alikuwa hajui acheke au akimbie. Jua lilirudi. Na pamoja na jua wakaja wanawake wa Plum Hill, kutoka kila baraza, wanaruka madimbwi, Bi Ola mbele yao na keki ya siagi aliyokuwa kaiokea mkutano wa kanisa. Walifika mbele ya nyumba, wakakosa pa kukanyaga, wakajipanga uani kuitazama nyumba isiyo na uso.

"Hongera, Shemasi," alisema Bi Ola.

"Ola, rudi na keki yako. Ilikuwa radi."

"Radi ndiyo iliyomshika mkono?"

"Kijana angekufa."

"Jikoni kwako hakuna mlango?"

Wanawake wakacheka. Hosea alikuwa shemasi wa kanisa, na barabara nzima ilikuwa imeona kiganja chake. Aligeuka, akapita katikati ya sebule bila kumtazama mtu, akaingia jikoni.

Verdell alimfuata. Sehemu yake moja ilikuwa inaimba, hakatai. Alichokiomba mwaka mzima kilikuwa kimeangukia sebuleni kwao pamoja na mvua. Angenyamaza tu, kingekuwa chake. Lakini alimkuta baba amesimama mbele ya sinki, mikono ukingoni, mabega yameshuka, na akajua kwamba hawezi kunyamaza.

"Baba."

"Mmenishinda. Furahi."

"Sitaki kukushinda. Sikiliza. Nitatoka sasa hivi niwaambie Bi Ola na wenzake ilikuwa radi na si kitu kingine. Wataniamini mimi. Lemuel atarudi uani, asubiri. Nami nitasubiri. Sitaki kuolewa kwa sababu baba yangu aliteleza."

Alishangaa alivyosema bila kulia. Shemasi aligeuka taratibu.

"Ungefanya hivyo?"

"Ningefanya. Kwa uchungu, lakini ningefanya. Ila nawe niambie kweli. Ulibomoa baraza ili Lemuel akose pa kukaa?"

Baba yake alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni.

"Lemuel?" alisema. "Unadhani nimenunua televisheni kwa ajili ya Lemuel?" Akavuta kiti akakaa, na ghafla alionekana mzee. "Mwanangu, wewe utakwenda. Kama si huyu ni mwingine. Wenzako walikwenda, na mama yako akaenda zaidi yao. Tamar naye umri ndio huo. Mtu akikaa peke yake ndani, hakuna anayejua. Anawasha televisheni, kuna sauti, inatosha. Lakini akikaa peke yake barazani, barabara nzima inamwona. Watu wanapita wanapunga mkono, wanaona bembea tupu. Siwezi, Verdell. Siwezi kuonwa hivyo."

Verdell alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya jikoni akamkumbatia kiunoni, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mwaka mzima alimchukia baba yake kidogo kidogo, kila Jumapili kipande, na vyote vile vikamtoka kwa mara moja. Hapo ndipo machozi yalipomjia.

Mlangoni kukasikika mtu anakohoa. Lemuel alikuwa amesimama pale, kaishika suruali ya kuazima isimdondoke.

"Samahani, mzee. Shangazi kanituma maji. Nimesikia nisiyopaswa kusikia."

"Tamar hakukutuma maji," alisema Shemasi. "Tamar kakutuma usikie. Ingia. Nijibu jambo moja, na usinipambe maneno. Treni yako ni lini?"

"Ya wapi?"

"Ya kaskazini. Kaka zako wako huko."

"Kaka zangu wananiita kila Krismasi, na kila Krismasi nawaambia hapana." Lemuel aliipandisha suruali. "Shemasi, mtu mwenye safari hakai ngazini mwaka mzima. Ubao ule wa ngazi ni mwembamba, nami nimeukalia kwenye jua na kwenye mbu. Ningekuwa na miguu ya kwenda, ningeshakwenda. Kwako ndipo nilipotaka kufika. Bado tu sikuwa nimefikishwa."

Verdell alisikia mashine ya baridi inanguruma sebuleni na Shangazi anamwambia mtu aizime, masikio yamemchoka. Kisha baba yake akatoa sauti ya ajabu puani, na ilimchukua Verdell kitambo kutambua kwamba ni kicheko. Alikuwa hajakisikia tangu mazishi.

"Kwenye mbu," Shemasi alirudia. "Mungu nisamehe. Nilikuwa nakuona kutoka dirishani unavyojipiga makofi, nikafurahi." Akainuka, akajifuta uso kwa leso, akafunga tena kifungo cha shingoni kilichokuwa kimelegea. "Twendeni. Wale wanawake wataota mizizi uani."

Alifika mlango wa mbele akasimama kizingitini, juu ya boriti tupu, na barabara yote ikanyamaza.

"Ola," alisema, "ilikuwa radi. Hilo lieleweke. Lakini mkono nilioutoa ni wangu, na sijafundishwa kutoa mkono nikaurudisha. Huyu ni mkwe wangu."

Kelele ikapanda. Mtu akaanza kuimba, wengine wakadakia, na keki ikaanza safari kutoka mkono hadi mkono juu ya shimo la mchanga. Bi Ola alikuwa anamweleza kila mtu alivyoona kabla ya wote. Shangazi Tamar alikuwa amekiburuta kiti chake mpaka mlangoni, akawa anapokea pongezi kama yeye ndiye bibi harusi.

"Baba," alisema Verdell.

Hakuna aliyemsikia. Lemuel alikuwa ameshavutwa uani, anapigwa mabegani, mikono inamvuta huku na huku, suruali inamshuka, anaipandisha.

"Baba," alisema tena, kwa nguvu. "Mimi sijaulizwa."

Wimbo ukakatika. Wanawake wakatazamana. Shemasi Hosea akamgeukia Lemuel taratibu, kwa uso ule ule wa mezani, wa bamia na wali.

"Gadsden. Mwaka mzima ngazini kwangu, hujamuuliza?"

"Mzee, kutoka ngazini ningemuulizaje? Wewe ulikuwa dirishani." Lemuel alikuwa ameiva uso. "Nilikuwa nangoja kiti."

"Basi viti vimeshaingizwa ndani," alisema Shangazi. "Uliza hivyo hivyo umesimama."

Wakampisha. Lemuel alivuka boriti moja, akavuka ya pili, akasimama mbele ya Verdell akiwa na mguu mmoja huku na mmoja kule, chini yake mchanga na gololi za zamani. Kwa mkono mmoja alikuwa ameushikilia mkanda wa suruali. Wa pili akamnyooshea. Jasho na maji ya mvua vilikuwa vimechanganyika usoni mwake, na macho yake hayakuwa na utani hata chembe, na Verdell alijua kwamba hata akiishi miaka mia hataona tena kitu kizuri kama hicho.

"Verdell," alisema kwa kunong'ona. "Verdell, utakubali nikuoe?"

Alikuwa nalo jibu tangu Jumapili ya kwanza. Lakini mwaka ni mwaka, na mwanamke naye ana haki yake. Akauchukua ule mkono, mkavu na mgumu, mara yao ya kwanza kushikana mbele ya watu, akauacha utulie ndani ya wake.

"Uliza tena," alisema, "kwa sauti. Bi Ola hajasikia."

"Nimesikia vizuri sana," Bi Ola akajibu kutoka uani. "Wewe mjibu mtoto wa watu."

Na Verdell akamjibu.